Siku Babu Alipojisemea Kifo Chake

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata padri kwenye kitubio. Siku waliyokuja kukuchukua kukupeleka stesheni, ile karatasi yako nilikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya soksi yangu ya shule, mguu wa kushoto. Nilisimama mlangoni nikiwaangalia wanakuinua, na sikuitoa.

Unaikumbuka. Nilikuwa nakupaka mafuta miguuni. Miguu ilikuwa imevimba mpaka ukibonyeza kidole kinaacha shimo, na wewe umeegemea gunia la mpunga kwa sababu ukilala chali pumzi inagoma. Ukasema, "Skola, we si unasoma? Chukua kalamu." Nikadhani unataka nimwandikie Babu kule Sibwesa. Kumbe unataka niandike kwamba wasikupeleke hospitali ya Tabora. Kwamba moyo wako umechoka, daktari kasema mbele yako na wewe si kiziwi. Wakurudishe kwako, ufe unasikia kuku wako wanagombana. Nikaandika kwa Kiswahili, halafu nyuma ya karatasi nikaandika kwa Kiingereza, maana ulisema daktari haamini kitu mpaka kiandikwe kizungu. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia niisome siku watakapoanza kubishana.

Na walibishana, Bibi, ulisikia mwenyewe. Baba anasema labda tusubiri. Shangazi Paskazia analia. Baba Mkubwa Kasiano, mwanao wa kwanza, akasema mgonjwa hatolewi mjini akarudishwa porini, watu watasema watoto wake wamemtupa. Nikafungua mdomo. Baba Mkubwa akanigeukia, "Skola, unasemaje? Maji?"

Nikasema, "Ndiyo, maji."

Nikaenda kuleta maji.

Basi, nimelisema. Mwaka mzima limenikaa kifuani kama kiazi cha moto. Lakini leo sikuandikii kwa kulia! Jana limetokea jambo hapa nyumbani Shanwe, na nisipokuambia wewe nitapasuka. Ngoja niende kwa mpangilio, mwalimu wetu anasema mimi nikifurahi kidogo tu naanza insha yangu katikati.

Ulipoondoka ilikuwa mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, watu wote barabarani wana fulana za bure. Wewe hukurudi. Walikuzika hukohuko Tabora kwa sababu joto lilikuwa kali na treni ya kurudi ilikuwa mpaka siku tatu. Baba Mkubwa akashuka peke yake stesheni na kanga zako kwenye mfuko. Matanga tukayakaa hapa nyumbani bila jeneza. Ilipofika siku ya wajukuu kukuigiza, Leokadia akavaa gauni lako, akatembea ule mwendo wako wa mikono nyuma, akamgombeza kila mtu kuhusu kuni mbichi, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Halafu wakanirushia mimi kilemba chako. Nilikimbia, Bibi. Nilikaa nyuma ya jiko mpaka walipoanza kula.

Babu hakuweza kukaa Sibwesa peke yake. Alijaribu. Jirani akamkuta anapika ugali kwenye sufuria ya chai. Kwa hiyo Baba akamleta hapa, akaja na koti lake refu, fimbo, na kuku wako wawili kwenye tenga. Wale wengine wanatunzwa na jirani. Na tangu siku hiyo mimi ndiye mke wake mdogo. "Mke mdogo, hii chai umepikia maji ya kunawia?" "Mke mdogo, jana sijakuona, umepata kijana?" Unajua utani wake. Na unajua utani unataka kujibiwa. Mimi nilikuwa naziba mdomo kwa mkono, natazama chini, basi. Shuleni napata alama nzuri za Kiswahili na za Kiingereza, na kwa babu yangu sina neno hata moja la lugha yoyote.

Baada ya Pasaka chakula kikaanza kumkwama. Kwanza ugali, akawa anausukuma kwa maji. Halafu wali. Sasa ni uji tu, na uji wenyewe anaunywa kichwa kimeinama upande kama kuku anayesikiliza. Shingoni anajifunga ile fulana ya kampeni, anasema koo linasikia baridi. Hospitali ya hapa wakampima, wakampa Baba barua ya kupeleka kwenye hospitali kubwa. Ilikuwa kwa Kiingereza. Baba akanipa mkononi. "Soma. Tuambie wamesema nini."

Tulikuwa sebuleni, Baba, Mama, Shangazi na Baba Mkubwa. Babu alikuwa nje uani anabangua karanga. Bibi, nilipofika ule mstari wa katikati nilitaka kuuruka. Nilitaka kabisa. Maneno yalikuwa hayo, kwamba kuna uvimbe kooni, ni mkubwa, umeshasambaa, kwamba huko wanaweza kumwekea mpira wa kulishia lakini kupona hakupo. Nikaona nikiuruka huu mstari nitakuwa nimekwenda kuleta maji tena. Nikausoma wote. Nikautafsiri wote, neno kwa neno.

Halafu Baba Mkubwa akasema, "Kuna treni ya Tabora Jumanne."

Baba akasema polepole, "Kaka, kwa nini tusimuulize mwenyewe?"

Shangazi akaruka. "Umuulize nini? 'Baba, unataka kufia wapi?' Huo ni uchuro, Damiani! Umeona wapi mtoto anamuuliza baba yake hivyo? Si atasema tunamsukuma?"

Na ni kweli, kwetu haiulizwi. Mtoto akimuuliza mzazi habari za kufa kwake, ameshaanza kumchimbia. Ndiyo maana hata wewe hawakukuuliza. Wote walikupenda, na wote walikuwa wanakuogopa. Basi wakakubaliana Jumanne, kwa kunong'ona, kama vile Babu hana masikio, au kama vile hilo koo ni la mtu mwingine.

Nikatoka nje kumchukulia bakuli lake la uji. Aliniangalia, akatabasamu na lile jino moja la pembeni. "Mke mdogo, naona kikao. Wananigawana huko ndani? Wewe umepata mguu upi?"

Bibi! Hapo ndipo ilinijia. Ilinijia kama hesabu inapofunguka ghafla baada ya kukutesa wiki nzima. Wao hawawezi kumuuliza, lakini mimi naweza! Mimi ni mjukuu. Mimi ni mtani wake. Mjukuu anaweza kusema kifo cha babu yake mchana kweupe mbele ya watu, na mzee akikasirika ataonekana hajui utani. Ule mlango ulikuwa wazi siku zote na mimi nilikuwa nimesimama kizingitini nimeziba mdomo!

Masikio yalikuwa yanawaka moto. Nikasema, "Hujafa bado tukugawane. Niambie kwanza unafia wapi, nijue gari la kupanda nikija kukulilia."

Karanga ikamponyoka mkononi. Nikajua nimeharibu. Kuku wako mmoja akaja akaila. Halafu Babu akacheka, Bibi, alicheka mpaka ikabidi nimshike mgongo. "Kumbe ana mdomo! Jamani mwaka mzima nimekaa na bubu, kumbe ana mdomo!" Alipotulia, akasema kwa sauti ya chini, "Sibwesa. Lakini hao hawataniuliza, na mimi siwezi kuanza. Nikianza mimi watasema mzee kakata tamaa, watanibeba haraka zaidi."

Akarudi kwenye karanga zake. Na mimi kichwa kikaanza kwenda mbio, hakikusimama mpaka jana.

Jana ilikuwa Jumapili. Baada ya misa wote wakaja kula hapa, dagaa wa Ikola na ugali, na begi la Babu lilikuwa limeshafungwa kwa ajili ya Jumanne, limewekwa pale ukumbini kila mtu analiruka kwa macho. Nikaingia chumbani kwake, nikavaa koti lake, linaburuza chini. Nikavaa kofia. Nikachukua fimbo. Nikajifunga kitambaa shingoni. Nilisali Salamu Maria mbili, ya tatu nikaishia katikati kwa sababu miguu ilikuwa imeshatoka yenyewe.

Nikatoka uani nakohoa kama yeye.

Unaelewa nilichofanya? Kile ambacho wajukuu wanafanya kwenye matanga, mimi nimekifanya, mwenyewe akiwa hai, amekaa kitini na bakuli la uji! Shangazi akasema, "Yesu na Maria!" Mama akashika kichwa. Baba akainuka nusu. Nikajilaza kwenye mkeka katikati ya watu, nikasema kwa sauti ya Babu, "Mimi mzee Didasi leo nakufa. Haya, nibebeni mnipeleke stesheni."

Nilifumba macho. Nikasikia bakuli linawekwa chini.

"Hapana!" Ni Babu. "We mwigizaji gani? Mimi sifi hivyo. Kwanza geuka, kichwa kiwe huko, uso uelekee mlangoni. Nione nani anaingia."

Nikageuka.

"Na hapo uko wapi?"

"Tabora," nikasema.

"Nani kasema Tabora? Hapo ni Sibwesa. Kwangu. Kwenye kitanda changu cha kamba."

Nikachukua kikonyo cha jani la papai kilichokuwa chini, nikakishikilia puani. "Na mpira wangu huu, mzee?"

"Toa takataka hiyo! Uji ukigoma kupita, umegoma. Mniloweshe midomo, mkae karibu, basi. Msinishindilie."

"Na maumivu?"

"Ah, hapo hapana mchezo. Dawa ya maumivu naitaka, hata mkaifuate na baiskeli. Mimi sio shujaa."

Baba ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka kama mtu anayetapika, ikamtoka tu. Na akishacheka, Bibi, akashindwa kunyamaza! "Na padri, Baba?" "Aitwe mapema, nikiwa bado nazikumbuka dhambi zangu, zingine ni nzuri." Mama naye, ambaye hata kumtazama Babu usoni huwa hamtazami, akauliza akiwa ameangalia sufuria, "Na kuogeshwa?" Babu akasema kazi ya kumgeuza na kumuogesha ni ya wanawe wa kiume, mkwe wake asimwone, na Mama akapumua mpaka tukamsikia. Kumbe na yeye alikuwa nalo hilo moyoni! Kila mtu alikuwa na lake! Maswali yakawa yanatoka kama mchwa baada ya mvua, na mimi pale chini kwenye mkeka nageuzwa huku na huku, na Babu ananisahihisha mto, ananisahihisha miguu, ananiambia hata nisikorome sana.

Shangazi akauliza huku analia, "Na ukipoteza fahamu, Baba? Nani aseme?"

"Kasiano," Babu akajibu.

Tukageuka wote. Baba Mkubwa alikuwa amesimama kule kwenye baiskeli yake, ametupa mgongo. Babu akasema, "Ndiye mkubwa. Ila aseme niliyosema mimi. Asiseme anayoyaogopa yeye."

Bibi, hapa ninaandika polepole.

Baba Mkubwa alisema bila kugeuka, "Watu watasema nimekutupa." Halafu akasema, "Mama nilimpeleka. Sikumtupa. Kila asubuhi pale wodini aliniuliza, Kasiano, tumefika nyumbani? Nikamwambia kesho, mama. Kila siku nilimwambia kesho." Akajifuta uso kwa kiganja. "Sitaki kukudanganya na wewe hivyo, Baba. Siwezi mara ya pili."

Babu aligonga kiti cha pembeni yake kwa mkono, mara mbili. Lakini Baba Mkubwa hakwenda kukaa. Alikuja kwenye mkeka, akapiga magoti, yule mtu mkubwa vile, akaniinua kichwa na koti na kofia na yote, akaupanga mto. Akauliza, "Hivi?"

Babu akasema, "Juu kidogo."

Akaupandisha.

Baada ya hapo Babu akasema, "Sasa we mke mdogo amka, umeshakufa vya kutosha, kaandike." Nikaandika nakala mbili, moja ya Kiswahili ya kukaa nyumbani, moja ya Kiingereza ya kwenda hospitali. Babu akataka na ya Kibende chetu. Nikamwambia Kibende sijawahi kukiona kimeandikwa, akasema basi mimi ni msomi nusu. Akaweka dole gumba kwa wino. Baba Mkubwa akaweka sahihi chini yake, akaibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka kidogo.

Leo asubuhi tumekwenda hospitali na Baba na Shangazi. Nilivaa sare ingawa tuko likizo. Daktari akaisoma ile ya Kiingereza yote, akauliza nani kaandika. Baba akafungua mdomo anijibie, mimi nikawahi. Nikasema kwa Kiingereza, kwa sauti, kwamba nimeandika mimi na maneno ni ya babu yangu. Daktari akasema kuna kitenzi kimoja nimekosea. Kimoja tu! Akakaa na sisi muda mrefu. Akaeleza kwamba tunaweza kubadilisha wakati wowote Babu akibadilisha mawazo, karatasi sio kamba. Akatoa dawa ya maumivu, na barua kwa mganga wa zahanati ya kule ili dawa ikiisha tujue pa kwenda. Sista mmoja akamwonyesha Shangazi jinsi ya kumgeuza mtu asipate vidonda, na jinsi ya kusafisha mdomo kwa pamba. Shangazi aliyesema uchuro, ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote.

Treni ya kesho itaondoka bila sisi. Kesho alfajiri tunapanda lori la mahindi kwenda Sibwesa, Babu mbele na dereva, sisi wengine juu ya magunia, na kuku wako wawili kwenye tenga wanarudi kwao. Nitakaa naye likizo yote. Babu anawaambia majirani wanaokuja kumuaga, "Nakwenda kufa, karibuni," na wanashtuka, na yeye anafurahia mishtuko yao kama mtoto.

Sijui kama ni dhambi, Bibi. Babu yangu anakufa na mimi natamani kuruka kamba. Jana nilipolala nilikuwa nacheka mwenyewe kwenye shuka. Halafu nikamkumbuka Baba Mkubwa na lile neno lake, kesho, mama, na kicheko kikaisha. Anadhani ni yeye peke yake. Hajui kwamba ulikuwa umeshasema unataka nini, na kwamba maneno yako yalisimama hatua tatu kutoka kwake, ndani ya soksi. Angejua, labda angekupeleka hivyohivyo. Labda asingekupeleka. Hilo sitalijua kamwe. Ninachojua ni kwamba analibeba peke yake, na nusu yake ni yangu.

Lala salama huko ulikolala, mke mwenzangu. Najua sio mahali ulipopachagua. Nikimaliza shule nitakuja na udongo wa uani kwako, niuchanganye na huo wa Tabora kwa mikono yangu mwenyewe. Na nakuahidi hili hapa, nikiwa nimekaa wima: mtu akiniambia anavyotaka kuondoka duniani, nitamsemea. Hata nikitetemeka. Mume wetu nitamtania mpaka pumzi ya mwisho, asiondoke akiwa mpweke.

Mke mwenzako,
Skola

Bibi, niko chumbani kwa Babu ninaandika, nasikia makatambuga ya Baba Mkubwa yanakuja ukumbini. Amefuata godoro la Babu la kufunga kwenye lori, na mimi barua zangu zote huwa nazichomeka chini ya godoro hilo nikisikia mtu. Leo sijasogea. Nimezipanga kurasa mezani, ile ya kwanza juu, na soksi imetajwa mstari wa tatu. Ameshika kitasa.

Nimemwambia, "Karibu, Baba Mkubwa. Kaa kwanza, kuna kitu nataka usome."